Pale Wimbo Unaporudi Mwanzo

Sifa zote nazirudisha kwa Mungu wangu, aliyenipa masikio kabla ya kunipa maneno, na ambaye katika uzee huu ameniachia yote mawili yakiwa bado yanafanya kazi. Amenitoa mbali. Mengi aliyonipa sikuyaomba, na mengine alinipa wakati nilikuwa hata siwezi kuomba. Nimeketi kuandika asubuhi, baada ya sala na uji, dirisha likiwa wazi, na ninaandika polepole. Sitaeleza habari za ukoo wangu, maana wanaozijua wapo na wasiozijua hawatapungukiwa. Nitaandika mwaka mmoja tu, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mjini Nakuru.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mazishi. Mwezi uliopita tulimzika Mama Seti, rafiki yangu wa miaka zaidi ya sitini, nyumbani kwa mwanawe huko Lanet. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kwaya ya vijana waliovaa mashati ya zambarau, wakiimba kwa kinanda cha umeme. Waliimba vizuri. Walikuwa na wimbo wenye beti tatu na kiitikio, na kila walipofika kwenye kiitikio walikirudia mara nne, kisha wakapandisha sauti juu kidogo na kukirudia tena mara nne. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole juu ya goti. Mjukuu wa marehemu aliyeketi kando yangu aliniinamia akaniuliza, "Nyanya, unahesabu nini?" Nikamwambia nahesabu wimbo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee ambaye akili imeanza kumtoka. Sikuwa na nafasi ya kumweleza kwamba bibi yake alikuwepo siku nilipojifunza kuhesabu hivyo, na kwamba alikuwa ameshika gauni langu kwa mkono wake.

Mwaka ule ulianza vibaya mwezi wa Januari. Mume wangu Nathani alikuwa karani katika bohari ya mizigo ya reli, na tulikuwa na chumba kimoja katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari mistari karibu na reli. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha dogo, na kitanda ambacho Nathani alikinunua kabla hajaninunulia chochote kingine. Ukianika nguo nyeupe asubuhi, jioni unaanua nguo za kijivu kwa sababu ya masizi ya magari moshi. Tulikuwa tumeoana miaka miwili, hatujapata mtoto. Nathani alipatwa na homa ya mapafu siku ya Jumatatu, na Ijumaa hakuwepo. Tulimsafirisha kwao upande wa magharibi, akazikwa, nami baada ya siku arobaini nikarudi Nakuru kufungasha vitu. Haya yote nayaeleza kwa ufupi kwa sababu hivyo ndivyo yalivyonipitia. Niliambiwa simama nikasimama, kula nikala. Sikulia. Watu walilitambua jambo hilo kabla yangu.

Mama Seti aliishi chumba cha nne kutoka chetu. Mumewe alikuwa fundi wa njia ya reli, mara nyingi yuko Gilgil au Molo na genge lake, naye alibaki na watoto watatu na mdomo usiopumzika. Nilipoondolewa katika chumba chetu mwezi wa Aprili, kama ilivyokuwa kanuni kwa wajane, alihamisha watoto wake upande mmoja wa pazia na kunipa upande wa pili. Hakuniuliza kama nataka. Alisema, "Leta godoro. Lakini sufuria zako kubwa uziweke chini ya kitanda changu, maana nazitamani." Nikawa naishi pale. Naosha vyombo, nachota maji kwenye bomba la jumuiya, nasonga ugali. Siku moja niliepua sufuria ya uji jikoni bila kitambaa, nikaitua polepole mahali pake, na ni Mama Seti aliyepiga kelele. Mimi nilitazama vidole nikaona vimekuwa vyekundu. Ndivyo ilivyokuwa. Nimesoma baadaye, na kusikia wahubiri, wakieleza huzuni kama moto au kama mafuriko. Yangu ilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Nathani alikuwa akiimba besi katika kwaya ya kanisa letu dogo la mabati. Nilipokwenda kurudisha kitabu chake cha nyimbo, mwalimu wa kwaya aliniomba nikae. Jina lake Mwalimu Eliakimu, ingawa ualimu wake ulikuwa wa Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine alikuwa fundi katika karakana ya magari moshi, mtu mrefu mwenye kucha zisizotakata hata azisugue vipi. Aliniambia kwamba shule moja ya wasichana, juu kidogo kuelekea Menengai, inatafuta msaidizi wa kufundisha kuimba na kushona. Aliyeajiriwa angepewa chumba. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita, na kushona nilijua.

"Kuimba nako unaweza," alisema. "Lakini yule Misi wa Kizungu wa muziki hataki mtu wa kuimba tu. Anataka anayejua wimbo umeungwa wapi na wapi. Atapiga piano, na wewe utamwandikia. Mtihani ni Oktoba."

"Na nisipojua?"

"Basi utarudi kwao Nathani."

Alilisema bila ukali. Sote wawili tulijua maana yake. Kaka wa marehemu, Zablon, alikuwa ameshasema mbele ya wazee kwamba atanichukua niwe mke wake wa pili, kama ilivyokuwa desturi, na wazee walikuwa wamekubali. Zablon hakuwa mtu mbaya. Ningependa msomaji asimhesabu kuwa mbaya. Lakini nilipofikiria kuingia katika nyumba ile sikuhisi kitu, na nilipofikiria kutoingia sikuhisi kitu pia, na nadhani hilo ndilo lililonitia hofu kidogo, hofu ya mbali, kama kelele ya chumba cha jirani. Nikamwambia Mwalimu nitajifunza.

Mke wa Mwalimu alikuwa nyumbani magharibi akilima, kwa hiyo haikufaa niende chumbani kwake peke yangu. Mama Seti alijitolea kunisindikiza kila Jumamosi mchana, kazi za karakana zikisha. Aliketi karibu na mlango uliokuwa wazi, akifuma vitambaa vya meza kwa uzi mweupe, ili kila apitaye aone kwamba tuko watatu. Chumba cha Mwalimu kilinukia grisi na sabuni ya kipande. Katikati, juu ya sanduku la mbao, palikuwa na gramafoni aliyoinunua kwenye mnada wa mkulima wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na santuri tano, moja ikiwa na ufa uliofanya tik, tik, kila ilipozunguka. Mwalimu hakuwa na ubao. Alitumia mawe meupe ya machimbo ya Kariandusi, yale mepesi kama mkate mkavu, yaliyodondoka kutoka katika mabehewa, na aliandika kwenye sakafu ya saruji. Tukimaliza alifuta kwa gunia lenye maji.

Somo la kwanza lilikuwa la nyimbo nilizozijua. Akaniuliza, katika nyimbo za kanisani, ni nini kinachobadilika na ni nini kinachobaki. Nikasema maneno ya beti hubadilika, tuni ya beti hubaki, kisha kiitikio huja na tuni yake na maneno yale yale kila mara. Akaandika alama sakafuni, A kwa ubeti, B kwa kiitikio. Akanionyesha kwamba hata ndani ya ubeti mmoja mna vipande vinavyozungumza: kimoja huuliza na kuishia hewani, kingine hujibu na kushuka mpaka chini. "Sikiliza mwisho wa kila kipande," alisema. "Pengine sauti imesimama kituoni, pengine imesimama tu kupisha gari lingine. Hizo si sawa. Abiria hashuki pale pa kupisha." Tangu siku ile sijasikia wimbo bila kusikia mahali pa kushuka na mahali pa kupisha.

Wiki zilizofuata tulihamia santuri. Ulikuwa muziki wa Ulaya wa zamani, bila maneno, na mimi bila maneno sikuwa na pa kushika. Mwalimu alisema, "Usiupende wala usiuchukie. Sikiliza tu, na ukisikia kitu kipya sema kipya." Kwa mtu wa hali yangu hayo yalikuwa maagizo mepesi. Kupenda na kuchukia vilikuwa vimenitoka. Nilikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, sindano ikashuka.

"Kipya," nilisema baada ya muda.

Akaandika B.

"Mimi nasikia paka," alisema Mama Seti kutoka mlangoni, bila kuinua macho kwenye uzi wake.

"Paka wangapi, Mama Seti?"

Alitega sikio. "Wanne. Na mmoja ni mzee, ananguruma tu pale chini."

Mwalimu alicheka mpaka akaondoa sindano. "Wanne kabisa! Vinanda vinne vya nyuzi, na yule mzee ni ule mkubwa wa sauti nzito. Mama, masikio yako yanapotea bure kwenye vitambaa."

"Vitambaa vinauzwa," alisema Mama Seti. "Paka wako nani atawanunua?"

Katika santuri ile ile ndipo kosa langu lilipoonekana. A ilipita, B ikapita, kisha A ikarudi kama ilivyokuwa mwanzo. Mimi niliinuka, nikaanza kutafuta kanga yangu. Mwalimu akaniuliza naenda wapi. Nikasema imekwisha. Akauliza nani ameniambia imekwisha, na muziki bado unalia. Nilikaa, na wiki iliyofuata nikafanya vile vile, na nyingine pia. Tuni ya kwanza ikirudi tu, miguu yangu inanyanyuka yenyewe.

Ilinibidi nimweleze. Kijijini kwetu shangazi yangu ndiye alikuwa mwanzilishi wa nyimbo za msibani. Alianza na mstari mmoja, watu wakaitikia, kisha akaingia katika majina na habari za marehemu, alivyochunga, alivyooa, alivyokuwa mchoyo wa tumbaku. Hakuna aliyejua angekaa humo muda gani. Lakini aliporudi kwenye mstari wa kwanza, na maneno yake yale ya kwanza, kila mtu alijua. Wanawake waliinua watoto, wanaume walishika majembe, vigoda vikakusanywa, na wimbo ulimalizika watu wakiwa tayari wanatembea. Hapakuwa na mtu aliyekaa kusikiliza mwisho. Mwanzo ukirudi, unaondoka.

"Sasa hawa wenzetu," alisema Mwalimu, "mwanzo ukirudi ndiyo wanajiweka vizuri vitini. Wamezunguka, wamefika nyumbani, wanataka kukaa. Ukisimama mbele ya Misi atadhani umemchoka." Akamgeukia rafiki yangu. "Mama Seti, kuanzia leo wewe mshike gauni."

Na hivyo ndivyo alivyofanya miezi mitatu. Alisogeza kigoda chake nyuma yangu, akafuma kwa mkono mmoja inapowezekana, na A iliporudi nilisikia gauni likivutwa. "Kaa, binti. Bado Wazungu wanastarehe." Tulijifunza hivyo wimbo wa namna ile wa kwenda na kurudi. Tulijifunza na ule ambao tuni ya kwanza hurudi mara nyingi, kila mara baada ya kitu tofauti. Mwalimu aliufananisha na injini ndogo ya kupanga mabehewa, inayoingia reli hii ikarudi, ikaingia ile ikarudi, na kila mara inapitia njia kuu moja. Tulijifunza na ule wenye tuni moja inayovalishwa namna nyingi, mara polepole, mara kwa haraka, mara kwa huzuni. Huo Mama Seti aliuelewa mara moja. "Unga ni ule ule. Asubuhi uji, mchana ugali, na kwa wasiookoka, pombe ya busaa." Mwalimu, aliyekuwa ameokoka na kushuhudia mbele ya watu, alikohoa.

Nimefundisha mambo haya kwa watoto wa shule miaka zaidi ya thelathini, na mara nyingi nimeulizwa na wazazi yana faida gani. Kwangu mwaka ule hayakunifariji, nisidanganye. Watu husema muziki huponya. Mimi ulinipa mahali pa kuweka macho. Kwa muda wa dakika nne nilijua niko sehemu gani ya kitu, na kinachofuata ni nini, na baada ya hapo nilirudi kuchota maji. Namshukuru Mungu kwa dakika hizo nne nne. Sikujua wakati ule kwamba nilipaswa kushukuru.

Zablon alikuja mwezi wa Agosti, kwa gari moshi, amebeba kuku hai na debe la unga wa mtama. Mama Seti alimchinja kuku, akampika kwa kitunguu na bizari kidogo aliyopewa na jirani. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia nikikunja nguo, na waliongea kama watu wanaoamini kwamba pazia ni ukuta.

"Bado halii?" aliuliza Zablon.

"Halii. Miezi saba namtazama. Anaosha vyombo mpaka vinaogopa."

"Mama anasema pengine hakumpenda kaka yangu."

"Mwambie mama yako aje alale hapa wiki moja. Nitampa godoro, amsikilize jinsi asivyolala." Kijiko kiligonga sufuria. "Na wewe, Zablon, unamtaka au umetumwa?"

"Nimetumwa," alisema. "Lakini sikukataa. Nikimwacha atakuwa wa nani?"

Tulikula. Alinipa paja la kuku, kipande cha mgeni, akaniambia, "Shemeji, nyumba yako tumeanza kuiezeka. Mke wangu amekubali. Hakuna atakayekusumbua." Niliiona mikono yake ikimenya mfupa, na ilikuwa mikono ya Nathani kabisa, hata kidole kidogo kilichopinda. Nilikiona hicho kidole na nikaendelea kutafuna. Nikamwomba anipe mpaka Desemba. Nikamweleza habari za shule na mtihani. Hakuelewa mtihani wa kusikiliza ni nini, lakini aliheshimu neno mtihani. "Ukishinda nitawaambia wazee ni amri ya Serikali," alisema, na Mama Seti akacheka, na nadhani hata Zablon mwenyewe alicheka kidogo.

Siku ya mtihani, Oktoba, nilivaa gauni la harusi ya kanisani lililotiwa rangi ya samawati ili lifae siku za kawaida. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na Serikali ya kikoloni, kwa hiyo njiani nilisimamishwa mara mbili nionyeshe karatasi, na mara ya pili askari aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kusikiliza piano. Aliniangalia juu mpaka chini akaniachia. Mama Seti hakuruhusiwa kuingia. Alibaki nje kwenye ngazi na uzi wake, akaniambia, "Leo gauni ujishike mwenyewe."

Chumba kilikuwa kikubwa, sakafu ya mbao iliyopakwa nta, na baridi ya mlimani. Misi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwiko, jambo lililonishangaza kwa Mzungu. Aliniweka kwenye dawati, akanipa karatasi na penseli, akasema kwa Kiswahili chao, "Mimi napiga, wewe nasikia. Halafu andika. Hapana ogopa."

Cha kwanza kilikuwa wimbo wa kanisani nisioujua, wenye kiitikio, nao nikauandika bila shida. Cha pili kilikuwa ile injini ndogo ya kupanga mabehewa. Niliihesabu ikipita njia kuu mara tatu, nikaandika A, B, A, C, A. Cha tatu kilikuwa dansi ya zamani ya mapigo matatu. A ilikuja kwa vipande viwili, na kila kipande akakipiga mara mbili. B ilikuja, laini zaidi, sauti zikiwa chini. Niliandika yote. Nilijua kinachokuja. Nilijiambia, sasa A itarudi, Dina, kaa. A ikarudi, nami nikasimama. Penseli ilianguka, nikaisikia ikibingirika kwenye zile mbao.

Misi aliacha kupiga. "Kwa nini wewe simama? Mimi bado maliza."

Nilijua nimeanguka mtihani. Sikuhisi kitu hata hapo, isipokuwa baridi miguuni. Nikamweleza kwa utulivu, kwa sababu hapakuwa na cha kupoteza tena. Nilimweleza shangazi na mstari wa kwanza na watu wanaoinuka. Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia Mwalimu wala Mama Seti. Nilimwambia kwamba siku ya kumzika mume wangu, shangazi, aliyekuja kutuimbia huko kwao, aliporudi mwanzo watu wote waliinuka, na mimi sikuinuka. Nilikuwa nimekaa chini karibu na kaburi na sikusikia kitu chochote, si wimbo wala watu, mpaka wanawake wawili wakaniinua kwa makwapa. Tangu siku ile, nilisema, nikisikia mwanzo unarudi nainuka. Naona nachelewa.

Sijui alielewa kiasi gani. Kiswahili changu kilikuwa kirefu kuliko chake. Alivua miwani, akaifuta kwa lile sweta, akaivaa tena. "Keti," alisema. "Wewe nasikia mpaka mwisho."

Akaanza tena, si toka mwanzo, toka pale A inaporudi. Nilishika gauni langu mwenyewe kwa mikono miwili, nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa mpaka mwisho nikiwa nasikia, bila mtu kunishika. Sikulia. Nilisikia tu, sauti moja moja, mpaka ile ya mwisho ikashuka chini kabisa, pale pa kushukia abiria, na chumba kikanyamaza.

"Hii ya mwisho," aliuliza, "na ile ya kwanza, iko sawasawa?"

"Noti ni zile zile," nilisema. "Lakini mwanzoni kila kipande ulikipiga mara mbili. Safari hii umepiga mara moja moja. Umerudi lakini hukukawia."

Aliandika kitu kwenye daftari lake. Akasema ahsante, naweza kwenda. Nje Mama Seti aliniuliza, nikasema nilisimama. Akakusanya uzi wake, akasema, "Basi twende tukapike," na njia nzima, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema lolote.

Barua ilifika mwishoni mwa Novemba kupitia kwa mchungaji wetu, kwa Kiingereza, na Mwalimu Eliakimu akatusomea mlangoni kwa Mama Seti, akitafsiri kwa kidole juu ya kila mstari. Nimepokewa kwa majaribio ya muhula mmoja kuanzia Januari, pamoja na chumba. Mwishoni Misi alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Sauti yake ni ya kawaida. Masikio yake ni mazuri." Mama Seti alidai lile neno kawaida lifutwe. Mwalimu alikunja barua kwa uangalifu ili kucha zake zisiichafue, akanipa, akaenda zake kazini.

Zablon alikuja Desemba kama tulivyokubaliana. Nilimwambia mwenyewe, tukiwa tumeketi nje, Mama Seti akijifanya anachambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama chumba cha shule kina mlango unaofungwa. Nikasema nimeambiwa kina ufunguo. "Vizuri," alisema. "Ile nyumba nitamweka mama. Yake inavuja." Alikunywa chai, akala viazi vitamu, akaomba nimsindikize stesheni. Tulitembea kando ya reli. Stesheni ilikuwa na watu wengi wa Krismasi, mizigo na kuku na watoto wanaopotea.

Tulipofika mahali palipokuwa na nafasi alisimama. "Shemeji, nikuulize jambo moja, na sitauliza tena. Nathani ulimpenda?"

"Nilimpenda," nilisema. "Kulia ndiko sijui kulikokwenda."

Alitikisa kichwa. Kisha akavua kofia yake, akaninyooshea bila kunitazama, kama mtu anayempa mwenzake kitu ili mikono iwe huru kwa kazi, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia pale pale, mtu mzima, kati ya watu. Sikumgusa, haikuwa desturi. Nilishika ile kofia kwa ukingo, nikaigeuza ili isiingie vumbi, nikangoja. Alipomaliza nilimpa, akaivaa, akapanda gari.

Wewe unayesoma, uwe mjane au uwe na mwenzi, uwe umelia yako yote au hujaanza, Mungu wa amani akae nawe ndani ya nyumba yako. Akupe mtu wa kuketi nyuma yako, akupe kazi ya kuweka macho siku ambazo moyo hauoni, na akuhifadhi unapotoka na unapoingia, wewe na wote wanaokuita jina lako. Amina.